Tuta la Maua Chini ya Dirisha

Mwenye plot tuliyopanga alinipa ruhusa kwa sharti moja: nisipande mti.

"Maua panda, mama," Wanyoike aliniambia bila hata kushuka kwenye pikipiki yake. "Lakini mti hapana. Mtu akipanda mti kwa plot ya mwingine, kesho anasema ni yake."

Nilimjibu mti wa nini, mimi nilitaka kitu cha mgonjwa kuangalia. Akautazama ule uwanja wa nyuma ya nyumba, akatikisa kichwa. "Hapa hata nyasi ilikataa," akasema, akawasha pikipiki akaenda zake.

Hakusema uongo. Uani petu pale mtaani Katoloni mafundi walikuwa wameacha kila walichochoka nacho: kokoto, vipande vya matofali, na bamba la saruji iliyogandia pale walipokuwa wakichanganyia. Jembe likishuka lilikuwa linarudi juu lenyewe. Dirisha la chumba cha kulala linatazama uwanja huo, na baada ya uwanja ni ukuta wa mawe wa jirani, basi. Nyuma ya dirisha hilo alikuwa amelala mume wangu, Muthoka, tangu mwezi wa nane.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote, na kikamchukua maneno yote isipokuwa moja. Alizinduka hospitalini akiwa na "aiee" peke yake, yaani hapana kwa Kikamba chetu. Ukimuuliza kama ana kiu, aiee. Ukimuuliza kama hana kiu, aiee. Ilinibidi nijifunze kumsoma macho na mkono wa kushoto. Na huyu ni mtu aliyezunguka vilima vya Kola na Iveti miaka yote akiwapimia watu matuta ya shamba, akibishana na kila mzee juu ya maji yatapita wapi mvua ikija. Sasa kuanzia asubuhi mpaka jioni alikuwa anaangalia ukuta. Daktari alisema hawezi kutuambia ni miezi mingapi imebaki. Mimi nikasema iwe mingapi itakavyokuwa, hatakufa akiangalia mawe.

Pesa za bustani hazikuwepo, na sikuwa nazo hata za kujidanganya. Nikaanza kuokota na kuomba. Beseni lililopasuka, ndoo za rangi, tairi la gari, sufuria lisilo na kitako, mtungi wa lita ishirini nikaukata katikati kwa kisu cha moto. Kanisani nilikuwa nikibaki nyuma baada ya misa kuchuma vipandikizi kwenye ua wa padri, na sikuomba ruhusa, kwa sababu tawi likikatwa vizuri ua linazidi kunawiri na yeye ndiye anayefaidika. Mwanamke mmoja wa Mwala anayeleta mbuzi sokoni alinipa gunia la mbolea ya zizini. Jirani yangu Waithira, binti wa watu wa Kithimani aliyepanga mlango wa pili, alinipa miche ya maua, jeranium na kana, na akanionyesha jinsi ya kuweka chupa ya maji iliyotobolewa mfuniko karibu na mizizi, idondoke polepole. Maji yenyewe yalikuwa yale ya kuoshea vyombo na ya kumwogeshea Muthoka. Hakuna tone nililomwaga bure.

Lakini vyombo peke yake vilikuwa havionekani kutoka kitandani. Nililala siku moja mahali pake nikajaribu, nikaona juu tu ya kizingiti cha dirisha. Ilibidi ua liinuke. Na kwa kuwa ardhi ilikuwa haichimbiki, njia ilikuwa moja tu, kuleta udongo na kuurundika juu. Kulikuwa na vijana wanachimba msingi wa ghorofa barabara ya juu, na ule udongo mwekundu ulikuwa unawasumbua mahali pa kuutupa. Nikaazima wilbaro. Siku nne nilisukuma udongo, miaka yangu hamsini na tisa na goti moja bovu, watu wa plot wakinitazama kutoka milangoni kama wanaotazama sinema.

Nikalijenga tuta chini ya dirisha. Urefu wake hatua mbili, upana hatua moja, kufuata dirisha lenyewe. Nililipandisha mpaka magotini, nikalisawazisha pembeni kwa bapa la sepetu likakaa sawasawa. Nikalizungushia mawe, na kwa kuwa Wanyoike alikuwa ameacha chokaa kidogo kwenye debe, nikayapaka mawe yote meupe. Katikati nikapanda jeranium na kana. Upande wa kichwani nikatia mche wa ua linalotambaa, nikauchomekea kijiti cha wima, na kingine nikakifunga mlalo ili mmea upate pa kushika.

Nilirudi nyuma nikatazama kazi yangu, nikajisifu. Leo najiuliza nilikuwa na macho gani siku ile.

Siku hiyo hiyo ndiyo niliyosema yale maneno. Waithira alikuwa amechuchumaa kando yangu ananyunyiza maji.

"Mama, pole kukuuliza," akasema. "Si mngemrudisha mzee Kola? Huko si kuko na watu wake, wanakusaidia? Wewe peke yako utaanguka."

Kola! Heri angenimwagia hayo maji.

Hapa lazima nieleze. Miaka mitatu kabla ya hapo tulimzika mama mkwe wangu kule Kola. Programu ya mazishi ilichapishwa kurasa nane, yenye picha za rangi. Watoto wake wote walitajwa na wake zao. Kaka mkubwa Masila na mkewe. Yule mdogo wa Mombasa na mkewe, ambaye hata alikuwa ameshamwacha mwaka mzima. Muthoka aliandikwa peke yake, kama mtu ambaye hajaoa. Tulikuwa tumeoana miaka thelathini. Mimi sikujaliwa mtoto, na hilo Kola nzima inalijua, lakini yule mama miezi yake ya mwisho nilimwogesha mimi, nikamlisha mimi, na mikononi mwangu ndipo alipokatia roho. Majina alikuwa ameyapeleka kwa mchapishaji dada yao, Kamanthe. Nilipomuuliza alisema, "Ilisahaulika." Niliiacha ile karatasi juu ya kiti, nikaondoka kabla ya chakula kugawiwa, nikaapa kwamba Kola sitakanyaga tena. Muthoka alinifuata. Tukaishi mjini kwa kupanga, na tangu siku hiyo hatukulitaja jambo hilo hata mara moja.

Basi nikamjibu Waithira kwa sauti yangu, na sauti yangu watu wa plot wanaijua. "Kola hawanioni tena mimi! Hata siku ya kumzika waje wamchukue wenyewe. Mimi nitabaki hapa na maua yangu."

Nikasema hivyo huku nikilipigapiga tuta kwa sepetu. Na dirisha lilikuwa wazi.

Jioni nilimwinua Muthoka, nikamwekea mito mgongoni, nikavuta pazia kama mtu anayefungua zawadi. Alitazama. Alitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akasema "aiee", si ile ya kiu wala ya njaa, na akanigeuzia uso ukutani.

Nilikasirika. Sitaficha. Nikamwambia, "Nimesukuma wilbaro siku nne kwa sababu yako, na hata ahsante ya jicho huna?" Kesho yake nikafungua pazia, akasema aiee. Keshokutwa vilevile. Uji akaanza kuukataa. Akawa anakunywa vijiko vitatu, anafunga mdomo. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja, kana zikachanua nyekundu na manjano, na kila asiyekuwa mume wangu alikuwa akipita pale anasimama kusifu. Yeye alikonda, na mimi nikasema moyoni kwamba ugonjwa umemharibu mpaka tabia. Nilimlisha kwa hasira. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote, kwamba kwa wiki tatu nilimlisha kwa hasira.

Kamanthe alikuja Jumamosi moja bila kuniambia. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba kaka yake anazidiwa. Mimi nilikuwa bombani mbele ya nyumba, sikumwona akipita. Alizungukia nyuma akitafuta mlango, na kyondo chake cha mbaazi mkononi na kuku chini ya kwapa.

Nilichosikia kwanza ni kuku. Halafu nikasikia ule ukelele ambao mtu akiusikia mara moja maishani haulizi ni wa nini.

"Woi! Mwana wa mwaitu! Mtoto wa mama yangu! Mmemzika! Mmemzika kwa plot ya watu na hamkutuambia!"

Milango yote ikafunguka. Nilikimbia na ndoo mkononi, nikamkuta amepiga magoti kwenye matope, mbaazi zimemwagika, ameshika yale mawe meupe kwa mikono miwili.

"Nani amezikwa?" nikampigia kelele. "Kamanthe, una wazimu? Muthoka yuko ndani!"

Alininyanyulia uso wake wenye machozi na kamasi. "Na hii ni nini?"

Nikageuka kulitazama tuta, na kwa mara ya kwanza tangu nilijenge nikaliona. Udongo mwekundu umerundikwa juu. Hatua mbili kwa moja. Mawe meupe kuzunguka. Maua. Kichwani vijiti viwili vimefungwa msalaba. Huko kwetu kila boma lina moja la namna hiyo upande wa chini wa shamba, na mtoto wa miaka minne angekuambia ni nini. Ningekuwa ninapita njiani, mimi mwenyewe ningesimama nikamwombea marehemu.

Niliingia chumbani nikakuta Muthoka amegeuza kichwa kuelekea dirishani, kwa kuwa sauti ya dada yake alikuwa ameitambua. Machozi yalikuwa yanamtoka yanaingia sikioni, na hakuwa na mkono wa upande huo wa kuyapangusa.

"Ni maua, Muthoka," nikamwambia. "Nakuapia kwa Mungu, ni maua tu. Nilitaka uone kitu kizuri."

"Aiee," akasema.

Hapo ndipo yale maneno yangu yaliponirudia, moja baada ya lingine. Waje wamchukue wenyewe. Nitabaki hapa na maua yangu. Nikaelewa alichokuwa akikitazama kila nilipovuta pazia. Mke wake alikuwa amemchimbia kaburi mbele ya macho yake, kwenye ardhi ya mtu mwingine, kisha akawa anakasirika kwamba halipendi. Nikaketi sakafuni. Nililia kwa aibu kabla ya kulia kwa huruma, na sijui kama hilo nalo ni dhambi.

Kamanthe alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwambia yote, hata yale niliyoyasema juu ya Kola, sikumfichia neno. Nilidhani atanitukana. Alivua viatu tu, akauliza jembe liko wapi.

Tulilivunja tuta mbele ya dirisha, pazia likiwa wazi, ili aone. Nilianza na vile vijiti, nikavivunja juu ya goti. Waithira akaja akang'oa mimea polepole na mizizi yake, akaihamishia kwenye mabeseni na kwenye tairi. Kamanthe alichimba, mimi nikasambaza. Mawe nikayatupia ukutani moja moja. Mara moja tu Kamanthe alisimama kupumua, akasema bila kunitazama, "Ile programu. Haikusahaulika. Mke wa Masila aliniambia niliache jina lako, na mimi nikaliacha." Nilisubiri hasira ije, maana mimi na hasira hatukosani. Haikuja, au ilikuja ikakuta mahali pamejaa. Nikaendelea na kazi.

Udongo ulipokuwa umelala sawa kuanzia ukuta mpaka ukuta, tulimbeba Muthoka kwenye blanketi, sisi watatu, tukamketisha nje kwenye kiti cha plastiki na mto kila upande. Tangu hospitalini hakuwa ametoka nje. Alifumba macho kwa ajili ya jua, akayafumbua, akautazama ule udongo uliolala. Kisha akaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea fimbo iliyokuwa kando ya mlango. Nikampa.

Alichora mstari kwenye udongo. Fimbo ikamponyoka, nikamrudishia. Akachora mwingine kando ya ule wa kwanza, karibu karibu, urefu sawa.

"Anataka matuta," Kamanthe akasema. "Si ndiyo kazi yake? Anataka maua yapandwe kwa mistari."

"Unataka mistari, Muthoka?" nikamuuliza.

"Aiee."

Alipiga fimbo kwenye mstari wa kwanza, kisha akajigonga nayo kifuani. Halafu akaipeleka kwenye mstari wa pili, akaiacha hapo akinitazama usoni. Basi akaiinua kwa tabu, akanigusa nayo mguu.

Kamanthe alifunika mdomo kwa kitambaa chake. Waithira, ambaye hakuwa ameelewa, alitutazama mmoja mmoja kisha akainama kuokota mbaazi.

Kumbe hakuwa analilia kaburi la mjini peke yake. Alikuwa amenisikia nikisema Kola sitakwenda, na amehesabu maana yake vizuri kuliko mimi mwenyewe. Wiki tatu alikuwa anaona kaburi moja, na mimi nimebaki ng'ambo nikiwa na hasira zangu. Mtu huyu alitoka kwao kwa ajili yangu bila neno, na sasa ombi lake lote la mwisho lilikuwa mstari mmoja juu ya udongo.

"Nitakuja," nikamwambia. "Nitakupeleka Kola, na siku yangu ikifika nitakuja nilale kando yako. Dada yako huyu hapa amesikia, ni shahidi."

Alinitazama kuona kama ninasema ili kumnyamazisha tu. Halafu akaiachia fimbo. Siku hiyo alimaliza bakuli la uji, akataka lingine.

Aliishi mpaka mwezi wa tatu. Kila asubuhi tulimtoa nje, na mabeseni yangu na sufuria langu lisilo na kitako vilimzunguka pande zote, maua mpaka miguuni. Alikufa siku ya Alhamisi akiwa usingizini. Siku nzima ile nilimwagilia maji kila kitu mara mbili, sikujua la kufanya na mikono.

Kola nilifika siku moja kabla ya mazishi, pamoja na Kamanthe. Watu walikuwa wengi uani kwa Masila, na nilipopita mazungumzo yakapungua. Sikuketi. Nilikwenda moja kwa moja upande wa chini wa shamba, ambako vijana wa kuchimba walikuwa wameshapiga vigingi na kufunga kamba. Pale pana kaburi la mama mkwe, halafu uwazi, halafu ua wa mkonge. Vigingi walikuwa wamevipiga katikati kabisa ya ule uwazi.

Nikaving'oa. Kimoja kimoja, vyote vinne, vijana wakiniangalia na sururu zao begani. Nikavisogeza upande wa kaburi la mama, nikavipiga upya kwa jiwe.

Masila alikuwa ameshanifikia, amesimama nyuma yangu na bakora yake. "Nduku, sisi tumepima hapa asubuhi," akasema. "Tumemweka katikati akae vizuri, kwa sababu yeye yuko peke yake. Sasa wewe umemsukuma huku, hii nafasi ingine umeacha hapa kwa mkonge ni ya nani?"

"Ni yangu," nikamwambia, na nikasimama papo hapo juu yake mpaka wakaanza kuchimba.